Uzi: "Ana presha" – kipimo kinapima nini hasa, na hukumu ya tabibu inaanzia wapi?

#1 Mizani_ya_Shaba

Wakuu, salaam.

Kiswahili chetu kina tabia moja inayofaa kutazamwa kwa makini na watu wa tiba. Tunasema "ana presha", "ana sukari". Lakini kila aliye hai ana presha na ana sukari. Aliyekosa moja kati ya hizo hayupo nasi tena. Jina la kitu kinachopimwa tumeligeuza kuwa jina la ugonjwa. Na neno "kipimo" lenyewe limebeba mizigo mitatu: chombo, tendo na jibu. Kipimo kimeharibika, kipimo kinauma, kipimo kimetoka.

Ndani ya huo mchanganyiko kuna maswali matatu tofauti. Kuna nini mwilini? Chombo kiligusa nini? Na mstari wa kusema "huyu mgonjwa, huyu mzima" kauchora nani?

Swali la tatu ndilo jepesi kuonyesha. Novemba 2017 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani viliushusha mstari wa presha kutoka 140/90 hadi 130/80. Kwa hesabu zao wenyewe, watu wazima wenye "presha" nchini humo wakapanda kutoka takriban asilimia 32 hadi 46. Hakuna mshipa hata mmoja uliobadilika usiku ule. Sisemi mstari mpya ni mbaya, kwa kuwa hatari ya kiharusi haianzi 140, inapanda taratibu kutoka chini huko. Ninachosema ni kwamba mstari ni uamuzi, wala si ugunduzi.

Hoja yangu: namba haitoki mwilini ikaingia moja kwa moja kwenye faili. Inatengenezwa na utaratibu. Asiyejua utaratibu uliofuatwa hajui anachokihukumu. Karibuni, na tafadhali leteni vitu vya mkononi, tusiishie kwenye nadharia.

#2 Zamu_ya_Usiku

Mkuu umegusa penyewe. Nianze na mkono, maana hapo ndipo namba inapoharibikia kabla daktari hajaiona.

Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mzingo wa mkono wa juu, na upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzingo huo. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, inatakiwa hewa nyingi zaidi ili kuubana mshipa, na mashine itaandika presha kubwa kuliko iliyopo. Mkanda mkubwa mno unashusha, ila kosa lake kwa kawaida ni dogo kuliko la mkanda mdogo. Kwa hiyo ukiwa kati ya saizi mbili, chukua mkubwa.

Mkono ukining'inia pembeni ya kiti, safu ya damu kati ya moyo na mkanda inaongeza uzito wake. Kila sentimita 10 chini ya moyo ni karibu milimita 8 za zebaki. Hiyo ni fizikia tupu, mgonjwa hana kosa. Mkanda ukae usawa wa katikati ya kifua, mkono umelazwa juu ya meza, mgonjwa asiubebe mwenyewe.

Mengine mnayajua: dakika 5 za kutulia, mgongo umeegemezwa, nyayo sakafuni, miguu isipishane, kibofu kitupu, hakuna sigara wala kahawa kwa nusu saa. Linalosahaulika ni mdomo. Ukimuuliza hali ya nyumbani wakati mkanda unajaa, umeshapandisha namba.

Kwa anayesikiliza kwa stetoskopu: papasa kwanza mshipa wa kifundo cha mkono, jaza hadi upotee, ongeza 30, kisha achia milimita 2 kwa sekunde. Kwa nini 2? Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, sauti inakuja mara moja kwa sekunde. Ukiachia milimita 10 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo zimepita milimita 10 ambazo hukuzisikia. Ya juu utaisoma chini ya ilivyo, ya chini utaisoma juu ya ilivyo.

Na kuna mtihani mmoja mdogo wa kuwapima wapimaji. Alama za mashine ya kusoma kwa stetoskopu ziko kila milimita 2, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 0, 2, 4, 6 au 8 tu. Chukua vipimo 100 vya wodi moja. Vinavyoishia na 0 viwe kama 20. Ukikuta 60, ujue watu hawasomi, wanakadiria. Na 138 ikikadiriwa inakuwa 140, yaani kukadiria kunamvusha mtu mstari ule wa 140 uliotajwa #1.

#3 Namba_Haidanganyi

Yote hayo ni historia. Weka mashine ya kielektroniki, bonyeza, soma. Mashine haina sikio la kuchoka wala mapenzi na sifuri. Falsafa ya nini?

#4 Mizani_ya_Shaba

Mkuu, mashine hiyo haisikii kitu. Inahisi mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda wakati upepo unapungua. Mtikisiko unakuwa mkubwa kabisa karibu na presha ya wastani ya mshipa. Namba ya juu na ya chini unazosoma zinakokotolewa kutoka hapo kwa kanuni ya mtengenezaji, na mara nyingi kanuni hiyo ni siri yake. Kisha inakubaliwa sokoni kwa kulinganishwa na binadamu mwenye stetoskopu. Kwa hiyo kioo kinakupa makadirio ya kile ambacho msikilizaji mzuri angekisikia.

Na huyo msikilizaji naye? Tangu daktari Mrusi Korotkoff alipozieleza sauti za mshipa chini ya mkanda mwaka 1905, tunachosoma ni presha ya *mkanda* pale sauti inapoanza na pale inapokatika. Kwa baadhi ya wajawazito sauti haikatiki hadi sifuri. Hapo tunaandika pale inapofifia. Yaani "presha ya chini" ya mjamzito huyo na ya jirani yake ni vitu viwili tofauti vilivyopewa jina moja kwa makubaliano.

Mashine imeondoa kosa la sikio, hilo nakubali kabisa. Imeacha kosa la mkanda, la mkono na la mazungumzo. Na moyo ukipiga bila mpangilio kanuni yake inayumba, kwa hiyo rudia mara 3 na uchukue wastani, au usikilize mwenyewe.

#5 Pumzi_Moja

Kama mnataka kuona namba moja ikiamua dawa, tazameni kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Hakuna mashine ya bei mbaya hapa, ni saa na jicho.

Mstari wa Shirika la Afya Duniani: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa miezi 12 hadi 59.

Chukua mtoto wa miezi 8 ambaye kweli anapumua mara 48. Hana pumzi za haraka. Sasa mhesabu kwa njia tatu, na kila mara ukosee pumzi moja tu kwa kuzidisha:

Sekunde 15 mara 4: badala ya 12 umepata 13. Jibu 52. Amevuka, anapewa antibiotiki.
Sekunde 30 mara 2: badala ya 24 umepata 25. Jibu 50. Amevuka pia, kwa kuwa mstari ni "50 au zaidi".
Sekunde 60: badala ya 48 umepata 49. Hajavuka.

Kosa ni lile lile la pumzi moja. Kilichobadilika ni ulilizidisha kwa ngapi. Ndiyo maana mwongozo unasema dakika nzima, na anayefupisha kwa sababu foleni ni ndefu hapunguzi muda tu, anabadilisha kipimo.

Na hiyo pumzi moja ya ziada inatoka wapi? Mara nyingi mwanzoni. Ukibonyeza saa pale tumbo linapoanza kupanda, upandaji huo ni sifuri. Moja ni unaofuata. Wengi wanauita moja. Vile vile funua nguo uone tumbo na kifua, usihesabu kupitia blanketi. Mtoto anayelia au anayenyonya ahesabiwe baadaye, akitulia. Mchanga wa chini ya miezi 2 hupumua kwa vipindi, mara haraka mara anasita, kwa hiyo ukipata 60 au zaidi rudia hesabu kabla ya kuamua.

#6 Benchi_la_Maabara

Naingia na swali ambalo watu wa wodini wanatuuliza vibaya kila siku: "Kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) imepanda kutoka 90 hadi 100, figo zinakufa?"

Ukipima sampuli ile ile mara mbili, majibu hayafanani sawasawa. Tuseme mtikisiko wa mashine ni asilimia 3. Mwili wa mtu mzima mwenye afya nao unatikisika siku hadi siku; kwa kreatinini chukua kama asilimia 5. Huwezi kuzijumlisha hivi hivi. Unazidisha kila moja kwa yenyewe (9 na 25), unajumlisha (34), unatafuta kipeo cha pili (5.8), kisha unazidisha kwa 2.77 kwa sababu unalinganisha vipimo viwili na unataka uhakika wa asilimia 95. Unapata 16. Maana yake, tofauti ya chini ya asilimia 16 kati ya majibu mawili huwezi kuitenganisha na mtikisiko. Kutoka 90 hadi 100 ni asilimia 11. Rudia, usimtishe mtu.

Sasa angalieni utamu wake. Kigezo kimojawapo cha figo kuumia ghafla ni kreatinini kupanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48. Kwa aliyeanza na 90 hiyo ni asilimia 29, iko nje ya kelele, yaani ya mtikisiko ule. Kwa mgonjwa wa figo wa siku nyingi aliyeanza na 200, 26.5 ile ile ni asilimia 13, iko *ndani* ya kelele. Kigezo kimoja, watu wawili, maana mbili.

Na msisahau kwamba kreatinini inatoka kwenye misuli. Mzee aliyekonda au mtu aliyekatwa mguu anaweza kuwa na kreatinini "nzuri" na figo mbovu.

Potasiamu sitaizungumzia sana: kamba ikikaa mkononi muda mrefu, mgonjwa akaambiwa afumbe na kufumbua ngumi, au chembe nyekundu zikapasuka kwenye sindano, inapanda ndani ya chupa, mwilini imetulia. Ukiona 6.8 na mgonjwa yuko shwari, mpime moyo kwa ECG (mchoro wa umeme wa moyo) na wakati huo huo chukua damu nyingine. Usisubiri moja ndipo ufanye lingine.

#7 Mdadisi

Swali la mtoto mdogo: kipimo cha kwanza kilipimwa na nini? Utajuaje kipimajoto kinasema kweli bila kuwa tayari na kipimajoto kingine?

#8 Mizani_ya_Shaba

Hilo swali la mtoto liliwatoa jasho watu wazima. Kusema zebaki inatanuka sawasawa kadiri joto linavyoongezeka, unahitaji kwanza kulijua joto bila zebaki. Ni duara. Katika karne ya 19 Mfaransa Regnault hakulivunja duara hilo kwa hoja. Alitengeneza vipimajoto vingi vya aina moja na kuuliza: vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe? Aina isiyokubaliana na ndugu zake aliitupa nje. Vya hewa ndivyo vilivyofaulu vizuri zaidi. Kipimo kikaanza kuaminiwa kwa uthabiti kabla ya kuthibitishwa kwa ukweli.

Joto lilikuwa na bahati ya kuwa na barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka, mahali pa kushikia. Huzuni, maumivu na fahamu havina barafu wala mvuke. Dodoso la sonona linalinganishwa na mahojiano ya mtaalamu, na mahojiano yanalinganishwa na mahojiano mengine. Hatujaganda kwenye duara, lakini pia hatujatoka.

#9 Kitanda_cha_Nne

Umetaja fahamu, basi nishike hapo hapo. Kipimo cha Glasgow, kilichoanzishwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, kinavyotumika leo: macho 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ni 3 hadi 15.

Ukinipigia simu ukasema "ana 9", hujaniambia kitu. Anaweza kuwa amefumbua macho mwenyewe (4), hatoi sauti (1), anakwepesha mkono ukimbinya (4). Au anafumbua akibinywa tu (2), anaguna (2), mkono wake unaifuata sehemu unayombinya (5). Wote 9. Wa kwanza huenda kiharusi kimemnyang'anya lugha. Wa pili anazama. Viko vipande 4 mara 5 mara 6, yaani picha 120, tumezibana kwenye jumla 13.

Shida ni kwamba namba hizi ni *ngazi*. Mwanasaikolojia Stevens, mwaka 1946, alizigawa namba za vipimo katika majina, ngazi, vipindi sawa na uwiano. Ngazi zinasema nani yuko juu ya nani, hazisemi hatua zinalingana. Kushuka kwa mwendo kutoka 6 hadi 5 na kutoka 3 hadi 2 kote ni "pungufu 1", na hakuna aliyekaa kitandani mwa mgonjwa atakayesema ni sawa. Tunapojumlisha tunajifanya hatua zote zina urefu mmoja.

Kosa linaloniudhi kuliko yote: mgonjwa ana bomba la hewa kooni, hawezi kusema, mtu anaandika maneno 1. Moja ina maana "nimejaribu, hakutoa sauti". Huyu hakujaribiwa. Andika "haikupimika", taja sababu, na usitoe jumla. Macho yaliyovimba hadi kufumba, hivyo hivyo.

#10 Namba_Haidanganyi

Nakubali hilo. Na maumivu 0 hadi 10 je? Mmoja anacheka na simu anasema 9.

#11 Zamu_ya_Usiku

Usilinganishe 9 yake na 9 ya kitanda cha pili. Linganisha na yake ya saa moja iliyopita, baada ya dawa, kwa swali lile lile na katika mkao ule ule. Akiwa amelala tuli anasema 3. Mwambie akohoe, ni 8. Ziandike zote mbili. Na simu anaichekea ili asiyasikie.

#12 Kokotoa

Mmezungumza namba inavyotengenezwa, tuje inavyosomwa. "Kiwango cha kawaida" cha maabara kwa vipimo vingi ni mahali walipoangukia asilimia 95 ya watu wenye afya. Kwa hiyo mzima mmoja katika 20 atakuwa nje kwa makusudi ya hesabu. Agiza vipimo 20 visivyohusiana kwa mtu asiye na tatizo: nafasi ya kupata angalau kimoja chenye nyota pembeni ni asilimia 64. Halafu tunaanza kuitafuta sababu ya nyota.

Kingine ni kile cha mwaka 1978. Watafiti waliwauliza watu 60 wa hospitali za Harvard, wanafunzi na madaktari: ugonjwa uko kwa mtu 1 katika 1000, kipimo kinawabambikia asilimia 5 ya wazima, aliyetoka chanya, nafasi ya kuwa nao kweli ni ngapi? Waliopatia ni 11 tu. Jibu lililotajwa mara nyingi zaidi ni asilimia 95. Hesabu kwa vichwa vya watu: katika 1000, mgonjwa ni 1, na wazima 999 wanatoa chanya za uongo kama 50. Mmoja kati ya 51, karibu asilimia 2.

Kipimo hakikubadilika ubora. Kilichokosekana ni swali la kabla: kabla ya kumtoboa, nilidhani nafasi yake ni ngapi? Usipokuwa na namba hiyo, hata ya kukisia, jibu la maabara halina pa kusimama.

#13 Pumzi_Moja

Na hiyo namba ya kabla ni hukumu ya tabibu. Nayo ni chombo. Kwa hiyo ipimwe kama mkanda wa presha.

Wawili wakisikiliza vifua 100, tuseme wote wanasema "kuna mchakacho" kwa 10, wote "hakuna" kwa 70, na wanapishana kwa 20, kila mmoja 10. Asilimia 80 ya makubaliano, watapongezana. Lakini kila mmoja anasema "upo" kwa asilimia 20. Hata wangekuwa wanarusha karata bila kusikiliza, wangekubaliana kwa asilimia 68 (0.2 mara 0.2, jumlisha 0.8 mara 0.8). Walichoongeza juu ya bahati ni 12 kati ya 32 zilizobaki, yaani kapa ya 0.375. Hafifu.

#14 Namba_Haidanganyi

Basi hukumu itupwe, tutumie fomula. Mwanasaikolojia Meehl alishasema mwaka 1954.

#15 Mizani_ya_Shaba

Meehl alionyesha kwamba, katika tafiti zilizokuwapo, kanuni ya hesabu ililingana na wataalamu au iliwashinda karibu kila mahali. Kweli. Lakini yeye mwenyewe aliacha mlango: fomula inasema jamaa ataenda sinema leo, wewe unajua amevunjika mguu. Fuata mguu.

Tatizo la matabibu ni kuona mguu uliovunjika kwa kila mgonjwa wa tatu. Dawa yake si kukataza hukumu, ni kuiwekea daftari. Kabla jibu halijatoka, andika nafasi kwa asilimia. Ukiipinga fomula, andika sababu kwa mstari mmoja, wakati huo huo na si baada ya matokeo. Baada ya wagonjwa 50 au 100 rudi: wale uliowapa 70, je, 7 katika 10 walikuwa nao? Wakiwa 4, mkanda wako mdogo.

#16 Namba_Haidanganyi

Haya, nimeshika. Tuanze na dogo: presha niiandikeje?

#17 Zamu_ya_Usiku

Hivi: "148/92, mkono wa kulia, ameketi, katulia dakika 5, mkanda mkubwa. Wastani wa cha pili na cha tatu (150/92, 146/92). Cha kwanza 158/96 kimeachwa." Kati ya kimoja na kingine dakika 1. Na kama mkanda mkubwa haukupatikana, andika hivyo hivyo: "mkanda wa kawaida, mkono mnene, mkubwa haupo."